Dawa ya Majani Ikikugeuka: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Nafanya kazi katika kliniki ndogo upande wa Eastlands, Nairobi, na maneno ninayoyasikia zaidi kutoka kwa watu waliodhuriwa na juisi za mimea ni haya: "Nilidhani dawa inafanya kazi." Mtu ametapika mara nane, tumbo limemnyonga usiku kucha, na walio nyumbani wanamtuliza kwamba aache itoke, inasafisha damu. Anakuja kwetu asubuhi ya pili, macho yameingia ndani, hawezi kusimama.

Sina ugomvi na mitishamba. Nyanya yangu alitunywesha maji ya mwarobaini kila likizo, na ule uchungu bado naukumbuka kooni. Lakini mti wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia, na mwili ukikataa huwa unasema. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kwa kuwa anayeumwa hajui jina la sumu, anajua tu panapomuuma. Kwenye kila dalili nimeanza na chanzo tunachokutana nacho sana, nikashuka hadi cha nadra.

Usisome zaidi ikiwa...

Mgonjwa hajitambui au hawezi kuamshwa vizuri. Ana degedege. Anahema kwa shida. Mapigo ya moyo yako chini ya 50 kwa dakika, au yanarukaruka. Anatapika damu, au kinyesi ni cheusi kama lami. Ni mjamzito aliyekunywa dawa ya "kuharakisha" na sasa ana maumivu makali au damu. Ni mtoto mdogo aliyemeza mmea usiojulikana, hata kama ni funda moja tu.

Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Jirani mwenye gari akiwa tayari kabla ya ambulensi kufika, nendeni naye. Aliyezirai asibebwe kwa boda boda: akitapika akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, matapishi yataingia mapafuni. Mlaze ubavu mkiwa njiani.

Usimtapishe. Utomvu uliounguza koo ukishuka utaliunguza tena ukipanda. Maziwa, mayai mabichi na maji ya chumvi viacheni jikoni. Chumvi nyingi peke yake inaweza kumwua mtoto. Na ule mkaa wa dawa unaotolewa hospitalini ni unga ulioandaliwa maalumu. Mkaa wa jiko uliosagwa haufanyi kazi hiyo.

Kutapika, kuhara, tumbo kunyonga

Hili ndilo linaloleta wengi.

Chanzo cha kwanza ni shubiri, ambayo wengi hapa huiita aloe vera. Kata jani lake ulisimamishe kwenye kikombe. Utaona maji ya manjano machungu yakichuruzika kutoka chini ya ganda, na katikati kuna ute angavu usio na rangi. Kinachoharisha ni yale ya manjano. Zamani mtu alilamba tone. Siku hizi jani zima linatupwa kwenye blenda na ganda lake, linachanganywa na asali, linanywewa kwa gilasi. Kwa kawaida utomvu huo huchukua saa 6 hadi 12 kuanza kazi, na hapo ndipo watu huteleza: saa mbili zimepita, hajaona kitu, anaongeza gilasi ya pili. Kufikia usiku wa manane zote mbili zimeamka pamoja.

Cha pili ni uchafu, na mti wenyewe hauna kosa. Majani yamechumwa kando ya mto Nairobi, yakaoshwa kwa maji ya jerikeni yasiyochemshwa, juisi ikatiwa kwenye chupa kuukuu ya soda na kukaa siku tatu bila friji. Fungua kifuniko. Kama inatoa gesi, ina povu au inanuka pombe, hiyo si dawa tena. Homa ni dokezo jingine, kwa sababu utomvu wa shubiri hauleti homa, vijidudu huleta. Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele ni dalili ya kipindupindu, na hapo unaenda kituo cha afya saa hiyohiyo.

Cha tatu ni mchanganyiko. Chupa moja ya "miti saba" inaweza kuwa na mimea mitatu ya kuharisha, kila mmoja kwa kipimo kamili, na mnunuzi anaimeza pamoja na dawa ya kulainisha choo aliyonunua kemisti wiki iliyopita.

Cha nne ni mbegu za mbono kaburi na za mbarika. Watu huchanganyikiwa kwa sababu mafuta ya mbarika huuzwa dukani kama dawa ya tumbo. Mafuta yale yamesafishwa, na sumu kali ya mbegu, yaani risini, hubaki kwenye makapi. Mbegu ukizisaga mwenyewe nyumbani unakunywa vyote. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi, basi aliyekunywa juisi ya mbegu hizi aende hospitali hata kama anacheka.

Nadra zaidi ni kibuyu, mumunye au tango chungu. Mimea hii tunailima iwe na ladha tulivu. Ikitoka chungu isivyo kawaida, uchungu huo ni sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, na juisi yake imewahi kutapisha watu damu. Tema. Usijikaze eti kila chungu ni dawa.

La kufanya nyumbani kama mgonjwa yuko macho na hana dalili za hatari: acha ile juisi. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo, hata kama anatapika kati ya mafunda. Dawa za kufunga tumbo aziache.

Mpeleke hospitali kama amekaa muda wa saa 8 bila kukojoa, kama miguu imelegea au moyo unamdunda ovyo. Kuhara sana huondoa madini ya potasiamu mwilini, na moyo huyategemea. Mwenye presha anayemeza dawa ya kumkojoza, au mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini, asisubiri hata kufikia hapo.

Mdomo unawasha, ulimi umevimba

Mara nyingi ni nduma mbichi, majani yake, au lile ua la sebuleni lenye majani mapana ya madoadoa. Juisi zake zina vijisindano visivyoonekana vinavyochoma ngozi laini. Sukutua, tema, kunywa maji baridi. Huuma sana lakini hupungua. Sauti ikikwaruza, mate yakimshinda kumeza au pumzi ikianza kupiga mluzi, koo linafunga. Hapo ni ambulensi.

Jicho linawaka, ngozi imetoka malengelenge

Ukizunguka Kangemi, Dagoretti hadi Kikuyu utaona ua wa vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana, vyembamba kama penseli. Kwa Kiswahili ni mnyaa au utupa, Wakikuyu huuita kariaria. Ukivunja kijiti kinatoa maziwa mazito meupe, na watu huyapaka kwenye chunjua au huyatia kwenye jino bovu. Jicho huingiliwa kwa njia mbili: maziwa yanaruka kijiti kinapokatwa, au mtu anapaka chunjua kisha anajifikicha kwa kidole kilekile.

Jambo la kujua kuhusu utomvu huu ni kwamba maumivu yanaweza kuwa madogo mwanzoni na kuzidi saa kadhaa baadaye. Mtu anaosha kidogo, anaona nafuu, analala. Anaamka haoni. Kioo cha jicho kimevimba kikawa na ukungu.

Osha saa hiyohiyo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 kwa saa ya ukutani, kope zikiwa zimeshikwa wazi. Kama bomba limekauka, ambalo si jambo geni mitaa yetu, mimina maji safi ya kunywa kwa kikombe, mgonjwa amelalia ubavu wa jicho lililoumia ili maji yasivuke kwenda jicho lisiloumia. Anayemsaidia aoshe mikono kwanza. Usitie maziwa ya mama, asali, wala matone yaliyobaki ya ugonjwa mwingine. Baada ya kuosha nenda kwa mtaalamu wa macho siku hiyohiyo, hata kama panauma kidogo tu. Wengi waliotibiwa mapema hurudi kuona vizuri.

Ngozi iliyoguswa ioshwe kwa sabuni na maji mengi, nguo zivuliwe. Malengelenge yasitobolewe. Na jino? Maziwa haya hayachagui kati ya jino na fizi. Nimeona shavu la ndani limebanduka kama nyanya iliyochomwa moto.

Amechanganyikiwa, mboni zimepanuka, mdomo mkavu

Mtu mzima aliyekuwa mzima saa moja iliyopita sasa anaongea na watu wasiokuwepo, anachuma vitu hewani. Ngozi ni nyekundu na ya moto lakini haina jasho. Mboni za macho ni kubwa hata ukimmulika tochi. Moyo unakimbia, mkojo hautoki. Majirani watasema amerogwa au amevuta kitu.

Chanzo cha kwanza kukifikiria ni mnanaha, mmea wa maua meupe ya umbo la tarumbeta na tunda lenye miiba, unaoota jalalani, kando ya reli na katikati ya mahindi. Baadhi ya watu hutumia majani yake kwa pumu. Ndugu yake, mwenye maua makubwa yanayoning'inia kama kengele, amepandwa kwenye bustani nyingi za Nairobi kwa urembo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu mamia waliugua na baadhi wakafa baada ya kula unga wa msaada uliochafuliwa na sumu za mimea ya jamii hii. Hata kidogo kilichopenya kwenye chakula kinatosha, seuze juisi iliyokamuliwa makusudi.

Chanzo cha pili ni sukari kushuka, na hicho kinapimwa kwa tone la damu. Cha tatu ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo ambayo familia ilikuwa inajaribu kuitibu kwa majani tangu mwanzo. Huyo ana magonjwa mawili.

Hakuna cha kufanya nyumbani zaidi ya kumweka mahali tulivu penye mwanga hafifu, kuondoa visu na kumzuia asitoke barabarani. Asifungwe kamba, kwani akihangaika joto lake litapanda zaidi. Mpelekeni hospitali. Dalili zinaweza kudumu siku moja au mbili, msidanganyike akitulia kidogo.

Kichefuchefu, kisha mapigo ya polepole

Huu ndio ukurasa ninaouogopa, kwa sababu unaanza kama ule wa kwanza: kichefuchefu, kutapika, tumbo. Tofauti iko kwenye mkono. Weka vidole viwili kwenye kifundo chini ya dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Anayetapika hadi kukosa maji mwilini mapigo yake hukimbia. Anayetapika huku mapigo yakiwa 45, au yanapiga mawili yanaruka moja, ameguswa moyo. Wengine huona vitu vyote vikiwa na rangi ya manjano.

Miti inayofanya hivi imetuzunguka. Kuna oleanda yenye maua ya waridi au meupe. Kuna oleanda ya manjano, yenye maua ya kengele na tunda gumu la kijani. Na kuna msunguti, Wakikuyu huuita muricu, ambao Wakamba na Wagiriama walichemsha mbao na gome lake hadi kupata lami nyeusi ya kupaka mishale. Sumu iliyoangusha nyati haijali kwamba wewe ulikunywa kwa ajili ya minyoo.

Kosa la kawaida hapa ni la kutambua mti. Ukitaka kuhakikisha kwamba ulichoshika ni mwarobaini, angalia hivi: jani la mwarobaini limegawanyika kuwa vijani vingi kwenye kikonyo kimoja, kingo zake zina meno kama ya msumeno, na ukilivunja halitoi maziwa. Oleanda ya manjano ina majani membamba, moja moja, kingo laini, na ukilivunja linatoa maziwa. Ukiona maziwa, tupa.

Majina nayo hayasaidii. Nairobi muuzaji anataja jina la Kimeru, mnunuzi anasikia la Kiluhya, na aliyetumwa dukani anakumbuka kwamba "ilianza na mu". Hata wataalamu huangushwa na majina: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mmea wa Kichina katika dawa ya kupunguza unene ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, na wanawake zaidi ya 100 wakaharibika figo. Kwa anayetaka uhakika kabla ya kunywa, Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill yana Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambako mmea hutambuliwa. Peleka tawi lenye majani na maua, si unga.

Kwa dalili hii hakuna hatua ya nyumbani. Hospitali yenye mashine ya kupima moyo, kama Mama Lucy Kibaki au Kenyatta, na mgonjwa asitembezwe.

Jasho jembamba, kutetemeka, kizunguzungu

Karibu kila mara ni mwenye kisukari au presha aliyeongeza juisi juu ya vidonge vyake. Juisi ya karela, lile tunda chungu lenye vinundu, hushusha sukari, na ukiichanganya na insulini au glibenklamidi sukari huanguka. Juisi ya balungi huzidisha nguvu ya nifedipini, na presha inashuka kupita kiasi.

Chanzo kingine ni dawa ya kizungu iliyofichwa ndani ya chupa ya mitishamba. Dawa ya "kisukari" inayoshusha sukari kwa siku moja, au ya "viungo" inayoondoa maumivu yote usiku mmoja, ishuku. Ya viungo mara nyingi huwa na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe inayofanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea, na hapa kuna jambo linalopingana na yote niliyoandika juu: kama umeitumia kwa miezi na uso umekuwa wa mviringo, usiiache ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu mwili umesahau kujitengenezea ya kwake.

Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari, kisha chakula. Akipata nafuu bado aende, maana glibenklamidi inaweza kumshusha tena usiku.

Macho ya manjano, mkojo kama strungi, au mkojo umepungua

Haya hayaji siku ileile. Huja baada ya wiki au miezi, na ndiyo sababu hakuna anayeilaumu juisi. Homa ya ini ya virusi ndiyo ya kupimwa kwanza. Baada yake ulizia kila kilichonywewa miezi mitatu iliyopita. Mabaki, ule mmea wa majani yenye vinyweleo ambao wafugaji hulisha sungura na wengine hunywa kwa ajili ya mifupa, una sumu inayoziba mishipa midogo ya ini polepole. Marekani mwaka 2001 iliwataka watengenezaji waondoe bidhaa zake za kumeza sokoni. Tumbo likianza kujaa maji, ini limechoka.

Mkojo ukipungua na miguu ikavimba, acha juisi zote, acha na vidonge vya maumivu, kapime figo. Si jambo la kungoja mwisho wa mwezi.

Mtoto mchanga

Mafuta ya mwarobaini hayapewi mtoto mchanga, hata matone. Yamesababisha kutapika, usingizi mzito na degedege kwa watoto. Mtoto aliyelegea baada ya kunyweshwa chochote cha msango au tumbo, hata kama alipewa na bibi anayejua kazi, apelekwe mara moja, akinyonyeshwa njiani kama anaweza kunyonya.

Mkifika hospitali

Beba chupa na kilichobaki ndani, hata kama muuzaji aliagiza isionekane na mtu. Beba tawi la mti kwenye mfuko, au piga picha ya jani, ua na tunda. Mwambie daktari sehemu iliyotumika: jani, mzizi, gome au mbegu. Mwambie ilichemshwa au ilikamuliwa mbichi, kiasi gani, saa ngapi, na vidonge vingine unavyomeza. Mwombe aripoti kwa Bodi ya Famasi na Sumu, kwani hiyo chupa ina ndugu zake mtaani.

Na kuna kundi la wanaume wanaokuja na kizunguzungu au maumivu ya kifua wakasema wamekunywa "maji tu". Dawa ya nguvu za kiume mara nyingi hutiwa sildenafili, ile dawa iliyomo ndani ya Viagra, kimyakimya, na daktari akimpa mtu huyo dawa ya maumivu ya kifua ya jamii ya naitreti, presha inaweza kuanguka hadi mauti. Kama ni wewe, omba mkeo asubiri nje, kisha sema.